Huyu Umanibao ni nani?

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza ubuyu hapa Tanga, naufunga kwenye vikopo vidogo. Binti yangu alichagua fonti ya mwandiko wa mkono, ile ya herufi kushikana, akaandika "Ubuyu wa Mwambao". Kwenye simu ilipendeza mno. Vibandiko vilipotoka kuchapwa, mteja akaniuliza huyu "Umanibao" ni nani. Nikuze herufi au nibadilishe fonti?
Muuza ubuyu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka, kisha nikajicheka mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kuacha brashi na kukaa kwenye kompyuta, nilichapa kadi 150 za harusi, neno MNAKARIBISHWA lote kwa herufi kubwa za fonti ya namna hiyo. Baba wa bibi harusi aliigeuza kadi juu chini, akauliza kama ni Kijerumani. Nilizirudia kwa hela yangu. Herufi kubwa za fonti hizi zina madoido ya kuanzia neno tu. Ukizipanga zote pamoja zinagombana.

Kosa la binti si fonti, ni neno aliloliandika kwa fonti hiyo. Kiswahili kimejaa m, n, u na w, na zikishikana zote huwa vilima na mabonde. Andika "mnunuzi" harakaharaka, usitie nukta ya i, uone kama si mawimbi. Kwenye "Mwambao", ukiacha M ya mwanzo, ni b peke yake iliyosimama. Lakini "Ubuyu" lina b inayopanda na y inayoshuka, jicho linapata pa kushika. Basi "Ubuyu" libaki kwa mwandiko, kubwa, na "wa Mwambao" liwe chini yake kwa herufi za kawaida, nene kidogo.

Asitanue nafasi kati ya herufi ili neno lijaze kibandiko. Mwaka 1953 kiwanda cha herufi cha Fonderie Olive, Marseille, Ufaransa, kilitoa Mistral, fonti ambayo Roger Excoffon aliichora kwa kufuata mwandiko wake mwenyewe. Kila herufi ilikuwa kipande chake cha madini ya risasi, ila mikia ilipangwa ikutane, neno lionekane limeandikwa bila kuinua kalamu. Ukitanua, mikia inakatika na ujanja wote unaonekana.

Rangi sijaiona, ila kama maandishi ni mekundu na ubuyu wenyewe mwekundu unaonekana nyuma yake, weka kibandiko cheupe. Na fonti kama mliipakua bure, soma masharti yake: nyingi ni bure kwa matumizi binafsi tu, na wewe unauza.

Kabla ya kuchapa tena, toa kimoja kwenye karatasi ya kawaida, kwa ukubwa uleule wa kikopo, kibandike, umpe bodaboda asiyekujua. Akisita, rudi kwenye kompyuta. Akisoma moja kwa moja, chapa, na kikopo kimoja kije huku, cha pilipili.