Swichi ya kusimamiwa: ofisi ndogo inalipia nini?

SWALI: Mimi ni meneja wa SACCOS mjini Morogoro. Ofisi yetu ina kompyuta 12, simu 4 za mezani zinazotumia mtandao, kamera 4 za ulinzi na vifaa 2 vya kurushia waifai, ambayo wanachama wanaosubiri huduma huitumia pia. Vyote vimeunganishwa kwenye swichi moja ya kawaida yenye matundu 24. Mwezi uliopita tulihamisha meza, na kesho yake mtandao wote ulikufa tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Taa zote za swichi zilikuwa zikimetameta kwa kasi bila kupumzika, mpaka fundi alipochomoa waya mmoja mmoja na hali ikatulia. Sasa muuzaji anatushauri tununue swichi ya kusimamiwa, yaani ile ambayo fundi anaweza kuipangia namna ya kufanya kazi, na ambayo bei yake ni karibu mara nne ya ile tuliyonayo. Je, inafanya nini ambacho hii haifanyi?

JIBU: Ndugu Meneja, nianze na mkasa wenu, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu. Dalili ulizozieleza ni za mzunguko: wakati wa kuhamisha meza, inaelekea mtu aliona waya unaning'inia akauchomeka kwenye soketi ya ukutani, bila kujua kwamba ncha yake ya pili nayo imechomekwa kwenye soketi nyingine inayorudi kwenye swichi ileile. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote, ambao kompyuta huutoa mara kwa mara kwa kazi zake za kawaida, hufika kwenye swichi, ukasambazwa kila tundu, ukapita kwenye waya ule na kurudi ulikotoka, kisha ukasambazwa tena. Fremu ya Ethernet, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye waya wa mtandao, haina kihesabuji cha kuifanya ife baada ya kupita mara kadhaa, kwa hiyo huzunguka bila kikomo na kuongezeka, na katika muda mfupi sana mtandao hauna tena nafasi ya kazi halali.

Dawa ya tatizo hili ni ya siku nyingi. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alibuni itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo STP, ambayo huziwezesha swichi kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, kugundua njia zinazojirudia na kuzifunga. Toleo lake la kasi zaidi, RSTP, lilitoka mwaka 2001. Swichi ya kusimamiwa huwa nayo. Ile ya kawaida mara nyingi haina. Kama ingekuwapo na kuwashwa, tundu moja lingefungwa na wahudumu wenu wasingejua kwamba kuna jambo limetokea.

Sifa ya pili, ambayo kwa SACCOS naiona kuwa nzito kuliko zote, ni VLAN, yaani uwezo wa kuigawa swichi moja katika mitandao kadhaa isiyoonana. Kwa hali mliyo nayo sasa, isipokuwa kama fundi amewatenga kwa njia nyingine, mwanachama aliyekaa kwenye benchi na simu yake yumo katika mtandao mmoja na kompyuta yenye taarifa za mikopo ya wenzake. Hilo linanitia wasiwasi wa kweli, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaotunza taarifa za watu wazilinde. Kwa kiwango cha kiufundi kiitwacho IEEE 802.1Q, kila fremu inaweza kubandikwa lebo yenye namba ya mtandao wake, kuanzia 1 hadi 4094. Ninyi mnahitaji minne tu: kompyuta za kazi, simu, kamera, na wageni. Hakikisheni kwamba ruta (kifaa kinachowaunganisha na intaneti) na vifaa vyenu vya waifai navyo vinazielewa lebo hizo, kwa kuwa swichi peke yake haitoshi, na kwamba ruta imewekewa masharti ya nani aruhusiwe kumfikia nani.

Kuna adui mwingine ambaye nimemkuta katika ofisi nyingi: mfanyakazi anayeleta ruta ndogo kutoka nyumbani ili apate waifai karibu na meza yake. Akiichomeka vibaya, huanza kuzigawia kompyuta za ofisi anwani za mtandao zisizo sahihi, na watu hukosa mtandao mmoja baada ya mwingine bila sababu ya wazi. Swichi ya kusimamiwa huweza kuzuia hali hiyo kwa kukubali anwani zinazogawiwa kupitia tundu la ruta yenu pekee.

Kuhusu umeme wa PoE, unaopitia waya uleule wa mtandao kulisha kamera, simu na vifaa vya waifai, msidanganywe na idadi ya matundu. Kiwango cha PoE cha mwaka 2003 kinaruhusu wati 15.4 kwa kila tundu na kile cha 2009 wati 30, lakini swichi nzima ina bajeti yake ya umeme. Yenye matundu 24 na bajeti ya wati 190, kwa mfano, haiwezi kutoa wati 15.4 kote, kwani hizo zingekuwa karibu 370. Tukikadiria kamera kwa wati 7, simu kwa 5 na waifai kwa 18, jumla yenu ni wati 84, kwa hiyo bajeti hiyo inawatosha na kubaki. Mkiiweka swichi na ruta kwenye UPS (betri ya akiba), simu na kamera zitaendelea kufanya kazi umeme ukikatika.

Kuzipa sauti za simu kipaumbele ni jambo jema, ingawa kwa simu 4 tofauti yake ni ndogo. Kumtaka kila mtumiaji ajitambulishe kabla ya tundu kufunguka kunahitaji seva ya ziada, na kwa ukubwa wenu nisingelianza nako.

Ushauri wangu ni huu: nunueni, ila si lazima iwe ya bei ya juu. Kuna daraja la kati, zinazosimamiwa kwa kivinjari tu, ambazo nyingi zina haya yote niliyoyataja. Soma karatasi ya sifa kabla ya kulipa, na muulize muuzaji kama kuna leseni ya kila mwaka. Muhimu zaidi ni kwamba swichi hii ikitolewa kwenye boksi na kuchomekwa tu, matundu yote huwa katika mtandao mmoja kama ya zamani, na fedha yenu itakuwa imepotea. Gharama ya fundi wa kuipanga iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Abadilishe nenosiri la kiwandani, azime matundu yasiyotumika, awaachie nakala ya mipangilio, na jioni wateja wakishaondoka achomeke waya kwa makusudi katika soketi mbili, mbele yako, muone kama mtandao utaendelea.