Mausi ya gemu: pima mkono wako kwanza, namba za kwenye boksi zisubiri

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una laki moja mfukoni, unacheza gemu za kulenga na kupiga risasi, Counter-Strike 2 (CS2) na Valorant, kwenye laptopu, ukishacheza kwa muda wa saa mbili kifundo cha mkono kinauma, na umekwama kati ya mausi mbili: Logitech G102 yenye DPI 8,000 (DPI nitaieleza chini) na nyingine isiyojulikana imetoka wapi ambayo boksi lake limeandikwa DPI 25,600. Unauliza ipi ina sensa, yaani jicho la mausi, kali zaidi. Nitajibu kwa urefu maana hilo somo mimi nimelilipia ada mara tatu, na risiti hata moja sikupewa.

Ada ya kwanza niliilipa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, elfu thelathini na tano. Mausi inawaka taa kama basi la mkoani usiku, vitufe saba, boksi linasema 7,200. Nikarudi Sinza kifua mbele. Usiku uleule jamaa akanitokea kwa nyuma, nikageuza mkono haraka nimuwahi, skrini ikaenda kuangalia mawingu. Nimekufa naangalia mawingu! Nikasingizia mtandao. Kesho yake mawingu tena. Ilinichukua karibu wiki mbili kugundua kwamba nikiivuta taratibu iko vizuri, nikiivuta kwa nguvu inapotea njia.

Sensa (siyo ile ya watu na makazi) ni kamera tu. Geuza mausi chali: kuna taa, nyingine nyekundu, nyingine huwezi kuiona kwa macho, inamulika meza. Kamera ndogo pembeni yake inapiga picha za meza hiyo, maelfu kwa sekunde, na kulinganisha picha na picha. Uzi wa kitambaa uliokuwa hapa sasa uko pale, basi mkono umekwenda kushoto. Ukivuta mkono upesi kuliko kamera inavyoweza kufuatilia, picha mbili zinakosa cha kufanana, sensa inaanza kubahatisha, na wewe unapelekwa mawinguni. Kwa hiyo namba ya kuuliza ni kasi ambayo sensa inaivumilia, ile inayoandikwa IPS, yaani inchi ngapi kwa sekunde. Wauzaji wa maghumashi huwa hawaiandiki kabisa.

Chukua PixArt PMW3360, sensa ambayo imekuwepo sokoni tangu katikati ya muongo uliopita. Inavumilia IPS 250, kama mita sita na theluthi kwa sekunde. Mrithi wake mmoja, PAW3395, ameandikiwa 650, yaani mita 16 na nusu kwa sekunde. Usain Bolt pale Berlin 2009 alipokimbia sekunde 9.58, wastani wake ulikuwa mita kumi na kidogo. Sasa mkono wako mkuu, ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki, utamshinda Bolt? Ndiyo maana nasema kwa mausi za kampuni zinazoeleweka, vita ya sensa iliisha siku nyingi. Ukishapata sensa isiyopotea, anayekosa shabaha ni wewe.

Na DPI? Hizo ni hatua ambazo mausi inahesabu kwa kila inchi unayosogea. Piga hesabu: kwa 25,600, ukisogeza milimita mbili tu kishale kimevuka skrini yote ya 1920 kutoka ukingo hadi ukingo. Nani anaweza kulenga kichwa cha mtu hivyo? Wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike wanatumia 400 au 800. Mimi niko 800, na ndani ya Counter-Strike nimeweka kasi ya mausi (sensitivity) 1, nikitaka kugeuka duara zima navuta kama sentimita 52. Halafu mausi nyingi za bei chee zinafikia hizo namba kubwa kwa kuzidisha, kama simu inavyovuta picha ya mbali: kitu kinakuwa kikubwa lakini hakuna kipya ulichoona. Kwa hiyo 25,600 ya boksi lisilotaja jina la sensa mimi naichukulia kama bango la duka. Linavutia, basi.

Kuijaribu dukani ni rahisi, ila uwe na uso mkavu kidogo. Beba laptopu yako na kitambaa kigumu au pedi ya mausi. Weka kitabu mezani kiwe ukuta, gusisha mausi ukutani, elekeza kishale kwenye kitu kimoja kwenye skrini. Vuta taratibu mbali kama sentimita 30, rudi kwa kasi ya hasira hadi igonge kitabu. Kishale kikirudi palepale au jirani yake, sensa ni nzima. Kikiishia kona nyingine ya skrini, rudisha mezani, sema asante. Kabla ya jaribio hilo ingia kwenye setingi za mausi za Windows utoe tiki ya kuongeza usahihi wa kishale (Enhance pointer precision), maana ile hubadilisha mwendo kulingana na kasi ya mkono, utailaumu mausi bure. Na usijaribu juu ya kabati la kioo. Sensa nyingi hazioni kitu kwenye kioo, na makabati ya Aggrey karibu yote ni kioo.

Tuje kwenye kinachokuumiza, maana hapo ndipo hela yako inatakiwa iende.

Ada yangu ya pili ilikuwa mausi nzuri kabisa, nimeinunua kwa mtu, sensa haina kasoro. Kila aliyeishika alisifu. Mimi ndani ya mwezi nilikuwa siwezi kufungua kifuniko cha chupa bila kukunja uso. Mausi ilikuwa na karibu sentimita 13 kwa urefu, nundu yake imesimama kama ya ng'ombe wa maonyesho, na mkono wangu kutoka kwenye mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati ni sentimita 17 na nusu. Ili vidole vifike kwenye vitufe nilikuwa nakaza kiganja na kukipinda kifundo kwa nje, kwa muda wa saa tatu kila usiku. Mausi haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa kiatu namba 44 kwenye mguu wa 40.

Kilichonisaidia ni sabuni ya mche. Usicheke. Nilikata kipande cha sentimita 12, nikakichonga kwa kisu cha jikoni upande mmoja kiwe na mgongo, nikakilowanisha kidogo, nikakishika juu ya meza dakika tano huku naangalia mechi ya watu, nasogeza mkono kama nacheza mimi. Nilipokiachia, vidole vilikuwa vimeacha alama. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimezama kwa ncha tu. Dole gumba alama yake iko chini sana, karibu na meza. Kidole cha pete na cha mwisho vimebana ubavu kama koleo. Na kiganja? Kilikuwa kimegusa nyuma kabisa, sehemu ndogo kama shilingi mia. Miaka yote nilikuwa nanunua mausi za watu wanaolaza kiganja kizima, kumbe mimi ni mtu wa kukunja vidole kama makucha ya kunguru wa Posta.

Watu wengi wanaangukia kwenye mishiko mitatu. Kuna wa kulaza, kiganja chote juu ya mausi, vidole vimenyooka. Huyo anataka mausi ndefu yenye nundu ya kujaza kiganja, kitu cha ukoo wa Razer DeathAdder, umbo ambalo lipo tangu 2006 na lina urefu wa kama milimita 127. Kuna wa kunguru kama mimi; tunataka fupi kidogo, nundu iwe nyuma ili ile sehemu ndogo ya kiganja ipate pa kuegemea. Na kuna wa ncha za vidole, kiganja hakigusi kabisa. Huyo mpe ndogo na nyepesi, atashukuru. Hakuna mshiko wa kitaalamu kuliko mwingine, na wengi tunachanganya: ukilenga kwa utulivu unalaza, ukishtuliwa unakunja. Angalia unavyoshika ukiwa umeshtuliwa, hapo ndipo mkono unasema ukweli.

Urefu pekee hautoshi. Mimi siku hizi naangalia zaidi upana wa kiuno, pale dole gumba na kidole cha pete vinapobana. Kiuno kikiwa chembamba mno unabana kwa nguvu hadi msuli wa chini ya dole gumba unawaka moto. Kikiwa kipana huwezi kuiinua. Na unainua mara nyingi kuliko unavyofikiri: ukicheza kwa mivuto mirefu, kila ukifika mwisho wa pedi unainyanyua na kuirudisha katikati. Dukani inyanyue mara ishirini kabla ya kutoa pochi. Muuzaji akikuuliza unafanya nini mwambie unapima uzito, hutakuwa umedanganya.

Uzito wenyewe: G102 ni gramu 85 bila kuhesabu waya wake, na siku hizi zipo za chini ya 60. Nyepesi ni nzuri, ila usiuze umbo kununua wepesi. Ada yangu ya tatu ndiyo hiyo. Niliagiza bila kuishika, nyepesi kama unyoya, mwili una matundu kama sega la nyuki, ubavuni imepakwa mpira laini. Kwa joto la Dar na jasho la kiganja, mpira ule ndani ya miezi minane uligeuka ulimbo. Unashika mausi, mausi nayo inakushika. Matundu yakameza vumbi na makombo ya bagia. Tangu hapo nachukua plastiki ya kawaida yenye mkwaruzo kidogo, ile kavu, nafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo maisha yanaendelea.

Waya usiudharau. Waya mgumu unavuta mausi upande mmoja kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mimi niliufunga kwa raba juu ya skrini ukaacha kukwaruza ukingo wa meza. Ukitaka isiyo na waya, iwe ya kile kipokezi kidogo cha USB, siyo ya Bluetooth, maana Bluetooth kwa gemu za kulenga inachelewa. Logitech G305 ina umbo na vipimo kama vya hiyo G102, milimita 116 na ushee kwa urefu, 62 upana, 38 kimo, lakini inatumia betri moja ya AA na inafika gramu 99. Betri za lithiamu ni nyepesi kuliko za kawaida, unaokoa gramu kadhaa hapo.

Hertz, yaani mara ngapi kwa sekunde mausi inaipa kompyuta taarifa: 1000 inatosha. Hapo mausi inatoa taarifa kila milisekunde moja. Kuna za 8000 sasa, zinakuokolea chini ya milisekunde moja, wakati skrini ya Hertz 60 ya laptopu yako inabadilisha picha kila milisekunde 16 na kitu, na seva yako ya karibu ya CS2 iko Johannesburg. Hela hiyo nunua pedi kubwa ya kitambaa.

Swichi za kubonyeza zina siku zake pia. Ikifika mahali unabonyeza mara moja inasoma mara mbili, usiitupe. Yangu fundi alichomoa swichi ya mausi chakavu ya ofisini, ya miguu mitatu vilevile, akaichomea. Elfu tano na soda.

Sasa kwako. Pima urefu wa mkono kama nilivyoeleza, halafu upana wa kiganja kwenye vifundo vya vidole bila dole gumba. Urefu ukiwa chini ya sentimita 18 na alama zako za sabuni ni za kunguru au za ncha za vidole, chukua hiyo G102, hutajuta, na chenji itabaki ya pedi. Urefu ukiwa 19 na kuendelea na unalaza kiganja, G102 itakuwa ndogo kwako hata kama sensa yake haina shida. Kidole cha mwisho kitakuwa kinaburuzika mezani. Hapo tafuta ya umbo refu, hata iliyotumika, mradi ukaijaribu kwa kitabu. Hiyo ya 25,600 iache ilipo.

Na hicho kifundo usisubiri mausi mpya. Leo usiku shusha DPI iwe 800, sogeza laptopu nyuma upate nafasi, inua kiti au ushushe meza mpaka kiwiko kiwe usawa wa meza, na geuza kwa mkono mzima kuanzia kiwikoni. Siku tatu za kwanza utakosa kila mtu, timu itakutukana. Ukiona bado vidole vinakufa ganzi hata usipocheza, hilo siyo suala la mausi tena, nenda hospitali ukaonekane.

Ukishapima rudi hapa na namba zako, ila picha ya sabuni usiweke, mimi niliweka ya kwangu mpaka leo kuna watu wananiita Dobi.