Ditekta Inalia Ovyo Pwani? Usikimbilie kwa Fundi

Ditekta ya kutafutia metali inayolia bila ya kitu chini ina pahala patatu pa kuchunguzwa: mashine yenyewe, umeme uliopo hewani, na ardhi iliyo chini ya koili, ile sahani ya waya inayopitishwa juu ya ardhi. Wengi huanza na mashine. Huchukua bisibisi, wakafungua boksi, na ile mpira ya kuzuia maji ikisharudi vibaya ndipo ubovu wa kweli unapoanza. Kwa Unguja na Pemba anza kinyume chake, kwa sababu ufukwe wetu wa maji kupwa una chumvi ya kutosha kuifanya mashine nzima kabisa ipige kelele kama mbovu.

Kwanza zitenganishe hizo tatu. Nenda pahala pa wazi, mbali na nguzo za umeme na nyumba. Vua saa, pete na mkanda, simu iache hatua ishirini nyuma. Weka sensitiviti (ukali wa mashine kusikia) nusu, ondoa kichujio cha chuma (mpangilio wa kunyamazisha metali usizozitaka), kisha inua koili usawa wa kiuno na uishike kimya bila kuitikisa. Ikinyamaza hapo, mara nyingi mashine ni nzima, shida yako iko ardhini. Ikiendelea kulia, igeuze koili robo mzunguko, isimame wima, kisha uelekee upande mwengine. Kelele ikipungua au kuzidi kwa kugeuza tu, ni umeme wa hewani. Ikiwa kelele ni ile ile kila upande na kila pahala unapohamia, hapo ndipo uanze kuishuku mashine.

Chumvi

Mchanga wetu mweupe ni wa matumbawe, hauna chuma kingi. Ukiwa mkavu, juu kule kwenye minazi, ditekta huuona karibu kama hewa. Balaa ni ule ukanda unaofunikwa na maji na kufunuliwa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35, na maji hayo yakishajaa baina ya chembe za mchanga, ufukwe mzima unapitisha umeme. Koili inaona metali moja nyembamba iliyotandazwa kila upande.

Mashine za masafa mamoja ya mawimbi, mfano wa Garrett ACE 250 inayofanya kazi kwenye kilohezi 6.5, zina usawazisho wa ardhi (mpangilio wa kuifanya mashine isilie kwa ardhi yenyewe) uliowekwa kiwandani, na hapa hutaabika. Huwezi kuubadilisha, kwa hiyo una mambo mawili tu: punguza sensitiviti hatua moja moja mpaka inyamaze, na uinue koili sentimita tano au zaidi juu ya mchanga. Usihuzunike kuipunguza. Mashine tulivu kwenye nusu ya sensitiviti inakuonesha vitu vingi kuliko inayopayuka kwenye ya juu, maana katika kupayuka huwezi kuisikia pete.

Mashine yenye usawazisho wa mkono au wa otomatiki isawazishe juu ya mchanga mbichi wenyewe, usiifanye juu kwenye mkavu kisha ukateremka nayo. Tafuta pahala pasipo na kitu, ishushe koili kutoka sentimita 30 mpaka kama 3, iinue, ishushe, ikiwa bapa muda wote, mpaka sauti ya kushuka na ya kupanda zilingane. Ukirudi kwenye mkavu, rudia tena. Kama ina mpangilio wa ufukweni, utumie. Zenye masafa mengi kwa pamoja huwa na unafuu mkubwa kwa sababu zinalinganisha jibu la masafa ya chini na ya juu, na chumvi hujibu kwa nguvu zaidi kwenye ya juu. Mashine za mapigo (pulse induction) nazo hustahamili chumvi vizuri, ila nyingi hazikwambii kama kilichomo ni msumari au dhahabu, utachimba vyote.

Liko jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye mashine chumvi husomeka kwa namba zile zile za karatasi ya sigara na mkufu mwembamba wa dhahabu. Ukiichuja chumvi kwa kichujio, mikufu nayo imekwenda. Bora upunguze sensitiviti kuliko kuchuja.

Upande wa mashariki wa Unguja, Paje, Bwejuu na Jambiani, maji ya bamvu yanapokupwa huenda mbali sana na kuacha mchanga wa mikunjo, kila mkunjo una dimbwi lake. Koili ikipita mchanga, maji, mchanga, maji, italia kila mara hata ikiwa mpya. Dawa ni namna ya kupungia. Elekea baharini ili koili iende sambamba na ukingo wa maji, ibaki kwenye ubichi wa aina moja kutoka mwanzo wa mpungio hadi mwisho. Na mkono usiinuke mwishoni, kwa sababu kila koili inapopanda au kushuka juu ya chumvi ni sauti mpya. Mwani uliotupwa na mawimbi uondoe kwa mguu kabla ya kupita, wenyewe una maji ya chumvi na unakunyanyua koili. Kwenye mashamba ya mwani usiingie kabisa. Vigingi na kamba zile ni riziki ya mtu.

Umeme

Ditekta husikiliza ishara ndogo mno, na waya wa umeme wa hezi 50 hutoa mawimbi yake pamoja na mengi ya juu yake. Zaidi ya waya wenyewe, wabaya ni inveta za sola, taa za LED za bei rahisi, pampu za hoteli zenye kidhibiti cha mwendo, na jenereta. Ndiyo maana mtu akifanya majaribio Forodhani, mjini Unguja, hupata kelele, akienda kwenye pwani tupu mashine ile ile inatulia.

Redio ndogo ya mkononi inasaidia sana hapa. Iweke AM, katikati ya vituo pasipo na mtu anayezungumza, utembee nayo. Pahala inapokwaruza kwa nguvu ndipo na ditekta itakapotaabika. Mashine yenye kitufe cha kubadilisha chaneli kibonyeze koili ikiwa kimya, imeinuliwa usawa wa goti, mbali na chuma. Ukibonyeza huku unatembea itachagua chaneli mbaya. Mkiwa wawili wenye mashine za aina moja, tenganeni mita 15 au zaidi, kwa sababu kila moja inaisikia ya mwenziwe. Wakati wa masika radi ya mbali nayo huleta mlio mmoja mmoja usio na mpangilio. Hiyo haina dawa, funga kazi uende kwenu, na si kwa sababu ya kelele tu.

Mashine yenyewe

Ikiwa umeshajiridhisha kuwa si ardhi wala si umeme, anza na kifuniko cha chini cha koili. Kivue. Ndani utakuta mchanga mlaini uliogandana na unyevu wa chumvi, na huo unakaa milimita chache tu kutoka kwenye waya za koili. Kila mpungio unausogeza kidogo, na kila ukisogea mashine inalia. Osha koili na kifuniko kwa maji ya mfereji, kausha kivulini, rudisha. Kelele nyingi za "imeharibika ghafla" huishia hapo.

Kisha waya. Uzungushe kwenye mpini kwa kukaza, wa karibu na koili ufungwe na mkanda wa nguo, ukiacha ulegevu wa kutosha koili ikunjike tu. Waya unaoning'inia na kupepea mbele ya koili ni kitu cha metali kinachocheza juu yake. Weka koili juu ya meza ya mbao isiyo na misumari karibu, washa mashine, kisha tikisa waya taratibu kuanzia kwenye plagi mpaka unapoingia kwenye koili. Ikilia kwenye pahala pamoja tu, waya umekatika ndani hapo, na mara nyingi huwa ni pale unapoingia. Gonga koili kwa kifundo cha kidole. Ikilia kwa kugongwa bila kupungwa, ina ufa au maji yamepenya.

Plagi ifungue uitazame kwenye mwanga. Pini zikiwa na ukijani, hiyo ni kutu ya shaba ya hewa ya bahari. Tumia mswaki laini na spiriti, zisugue, acha zikauke kabisa. Usitie mafuta ya kulainishia kufuli, yanaacha utando unaokusanya mchanga, wala petroli, inakula plastiki.

Angalia na bolti ya koili. Ile ya asili ni ya plastiki, na ikivunjika kuna mafundi wanaotia ya chuma kwa nia njema. Hapo umeibebea mashine chuma chake sentimita chache juu ya koili. Rudisha ya plastiki au ya nailoni yenye ukubwa ule ule, na zile ringi zake za mpira (washa) zisipotee. Kama mlio unakuja kila unapopunga kushoto, pahala pale pale karibu na mguu, tazama viatu. Buti za kazi zina bamba la chuma.

Betri nimeziweka mwisho lakini kuziangalia ni dakika mbili. Nne za AA za alkali mpya ni volti 6, nne za kuchaji za NiMH ni 4.8, na mashine nyingi hukubali zote mbili. Zile rahisi za saa ya ukutani husoma 1.5 zikiwa mezani, zikipewa kazi zinashuka. Kwa hiyo zipime mashine ikiwa imewashwa. Ya alkali ikiwa chini ya 1.2 itoe, na ubadilishe zote nne kwa pamoja, za aina moja. Dalili ni kuwa mashine hufanya kazi vizuri kwa muda, halafu inaanza kulia yenyewe au kujizima. Ikiwa betri ilivuja unga mweupe, sugua vibati vyake kwa siki kidogo, kisha spiriti.

Shamba ni habari nyengine

Kwenye udongo mwekundu wa kinongo chuma kipo ndani ya udongo wenyewe, na usawazisho wa ardhi hapo ni lazima. Penye mafiga ya zamani, mavumbi ya makaa, au lilipokuwepo tanuu la chokaa, udongo uliopikwa na moto unashika usumaku na kulia kama kitu. Ishara ya namna hiyo hutanda, haina katikati. Pita juu yake kwa upande mwengine, nyuzi 90. Ikihama au ikipotea, iache.

Usijaribie mashine kwa sarafu ya shilingi 500. Imeanza kutumika 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli, sumaku inaishika, na kwenye ditekta namba zake huruka ukadhani mashine ndiyo inayoruka. Tumia pete ya fedha au kipande cha waya wa shaba kilichokunjwa duara. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa zamani wa Zanzibar, ile ya 1299 Hijria, nayo hulia wazi na bila kuyumba. Lakini usiende kuitafuta kwenye magofu: Pujini, Ras Mkumbuu, Unguja Ukuu na mfano wake huingii na ditekta bila ruhusa ya idara ya mambo ya kale.

Ikiwa yote hayo umeyafanya na bado, mpelekee fundi boksi na koili pamoja, mashine ikiwa imezimwa na betri zimetolewa. Mwambie apime ukinzani baina ya pini za plagi huku anautikisa waya: namba ikiruka waya umekatika, isipobadilika shida iko kwengine. Baadhi ya koili zina saketi ndani, kwa hiyo namba peke yake isimfanye aipasue. Akiwa na koili nyengine ya mashine ile ile, aijaribu hiyo kwanza kabla ya kugusa chochote.