Mzee kapasuliwa moyo, kumbukumbu ikayumba, sisi tukakimbilia kupima jeni

Mzee wangu alikuwa na namba za simu za watoto wake wote kichwani, hakuwahi kutafuta jina kwenye simu. Wiki ya tatu baada ya baipasi, ule upasuaji wa kuipitishia damu njia mpya pale mishipa ya moyo ilipoziba, nilimkuta kachukua simu anipigie, hakuniona nimeingia, anabonyeza moja moja, akafika tarakimu ya sita kidole kikabaki hewani. Akafuta. Akaanza upya, akakwama palepale. Mwishowe akaiweka simu chini taratibu akaifunika na gazeti.

Hospitali walitueleza yote kuhusu kifua, mshono, asinyanyue mzigo, akikohoa akumbatie mto. Ya kichwani hakuna aliyegusia.

Dada yangu akakesha mtandaoni, asubuhi kaja na habari ya jeni ya APOE, ile ya kromosomu namba 19 inayotajwa sana kwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu za wazee. Ina aina 3, e2, e3 na e4, hiyo e4 ndo inayoongeza hatari, na kila mtu ana nakala 2, ya baba na ya mama. Tukampima mzee, jibu likaja ana e4 moja. Aisee nyumba nzima ilinywea, maana mzazi mwenye e4 moja kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, kwa hiyo kila mmoja pale mezani alishaanza kujipigia hesabu yake mwenyewe, mgonjwa tumemsahau.

Kosa letu ni kwamba tulipima kabla ya kujiuliza jibu litabadilisha nini. Wazo la e4 na upasuaji wa moyo lilipata nguvu 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani walipoona kwenye wagonjwa 65 kwamba wenye e4 walipungukiwa zaidi kiakili. Wengine wakarudia, wengi hawakuuona huo uhusiano. 2007 Duke haohao, safari hii wagonjwa zaidi ya 500, wakaja na jeni nyingine kabisa, ya CRP na ya P-selectin, na wenye aina fulani za hizo walionekana kupungukiwa kiakili kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Hizo zinahusika na jinsi mwili unavyochachamaa ukijeruhiwa na jinsi chembe za damu zinavyonatana. Mimi hiyo ndo ilinifungua macho, kwa sababu ukipasuliwa moyo mwili unawaka moto ndani, na vichembe vinaweza kutoka kwenye mshipa mkubwa vikapanda kwenye ubongo, sasa jeni inachangia tu jinsi mtu anavyopokea hicho kishindo, haiji na hukumu mkononi.

Kuna utafiti wa 2001 ambao kila mtu anaunukuu nusu. Wagonjwa 261 wa baipasi: siku ya kutoka hospitali 53% walikuwa wameshuka kiakili, wiki ya 6 ikawa 36%, mwezi wa 6 ikawa 24%. Baada ya miaka 5 ikapanda tena 42%, na hapo ndo watu wanapagawa. Ila tafiti za baadaye zilizolinganisha na wagonjwa wa moyo ambao hawakupasuliwa zilikuta nao kwa muda mrefu wanashuka vilevile, kwa hiyo mashaka yakahamia kwenye mishipa yenyewe, presha, sukari, mafuta kwenye damu. Na hivyo unaweza kuvishughulikia, e4 huwezi.

Kwetu kilichosaidia kilikuwa kitu cha kijinga kabisa. Mzee alitoka wodini na vidonge vya usingizi vya siku chache, sisi tukaendelea kununua miezi 2, tukidhani ni sehemu ya dozi! Daktari wa kliniki alivyoona ule mfuko wa dawa akashika kichwa, akampunguzia kidogo kidogo (usikate mwenyewe ghafla, tafadhali). Beba mfuko mzima wa dawa kila kliniki, hadi za mafua na aleji, baadhi zinavuruga kumbukumbu za wazee.

Na kama mgonjwa wako bado hajapasuliwa, omba apimwe kumbukumbu kabla, hata lile jaribio fupi la kuchora saa na kukumbuka maneno, sisi hatukuwa na cha kulinganishia tukabaki tunabishana alikuwaje zamani. Akiwa wodini akianza kuweweseka usiseme ni nusu kaputi itaisha, mwite nesi, mvalishe miwani yake na kifaa cha masikio, mchana pazia liwe wazi, akae na sura anayoijua. Lakini mdomo ukipinda ghafla au maneno yakigoma, hiyo siyo kusahau tena, hiyo inaweza kuwa kiharusi, kimbia naye.

Dada alijipima, mimi sijapima na sioni haraka. Mwezi wa tano simu yangu iliita, mzee. Nikapokea mbio nikidhani kuna shida, akasema "nilikuwa najaribu tu", akakata.