Jibu: Kuwafundisha wasaidizi wapya kuainisha vitabu

Dada, umeuliza uanzie wapi na wasaidizi wawili wa maktaba ya shule yenu hapo Kisumu, ambao hawajawahi kuainisha kitabu hata kimoja. Kwa maoni yangu usianze na kompyuta. Anzia kwenye rafu.

Wape vitabu vitatu vya samaki: kimoja kinaeleza maumbile yao, cha pili ufugaji wa bwawani, cha tatu mapishi. Kwa mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa nambari kulingana na mada, cha kwanza kinakwenda 597, cha pili 639.3, cha tatu 641.6. Waache wabishane kabla hujawaonyesha jibu. Hapo ndipo wataelewa kwamba tunaangalia kitabu kinamfaa nani na kwa kazi gani, si picha iliyo kwenye jalada. Niliwahi kukuta kitabu cha ufugaji kimelala 597 kwa miezi, na wafugaji walikuwa wakikiulizia kila wiki. Iliniuma sana.

Halafu desimali. Wageni wengi hukosea kwa kuweka 639.12 baada ya 639.2, kwa kuwa wanaona 12 ni kubwa kuliko 2. Andika nambari kwenye vikaratasi, uzichanganye, wazipange dakika 10 kila asubuhi.

Kuingiza rekodi za vitabu kwenye Koha, programu ya kompyuta ya maktaba, kutafuata. Ila wakubaliane mapema jina la kila mwandishi litaandikwaje, na daftari la maamuzi hayo likae mezani. Tafadhali usiwaharakishe: vitabu 10 kwa siku, ukivikagua mwenyewe, vinatosha mwezi wa kwanza.