Mzigo Usipofika: Mambo ya Kufanya Kabla Hujatoka Uwanja wa Ndege

Mkanda wa mizigo ukisimama na begi lako halijaonekana, usitoke katika ukumbi huo hata kama ndugu zako wanakusubiri mlangoni. Nenda kwenye kaunta ya mizigo ya shirika lililokufikisha, kwa kuwa kwa kawaida ndilo linalopokea taarifa, hata kama safari ilianza na shirika jingine na mzigo umekwama Doha au Addis Ababa. Hapo utaandikiwa ripoti ya tatizo la mzigo, ambayo wafanyakazi huiita PIR. Usiondoke bila nakala yake, maana namba yake ya herufi tano na tarakimu tano ndiyo utakayotumia kufuatilia mzigo katika mfumo wa WorldTracer.

Sanduku langu lilipobaki njiani nikitoka London kurudi Dar es Salaam, mhudumu alinishauri kwa upole niende nyumbani kupumzika, kisha nipige simu kesho yake. Nilikataa, nikasubiri mpaka ripoti ikaandikwa, na naamini msimamo huo ndio uliolirudisha sanduku, kwani kila niliyempigia simu baadaye aliuliza namba ya ripoti kabla ya kusikiliza lolote. Picha ya sanduku niliyoipiga kabla ya kulikabidhi ilisaidia sana, kadhalika kile kipande cha lebo chenye tarakimu kumi tunachopewa wakati wa kukabidhi mizigo, ambacho wasafiri wengi hukitupa. Masanduku meusi ya magurudumu ni mengi mno kiasi kwamba rangi peke yake haimsaidii anayelitafuta.

Haki zako zimo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia. Mzigo ukichelewa, nunua mahitaji ya lazima na utunze risiti zote, kisha peleka dai kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa mzigo. Ukifika umeharibika, muda ni siku 7 tu. Siku 21 zikipita tangu tarehe uliyopaswa kuupokea, una haki ya kudai fidia ya mzigo uliopotea. Tangu Desemba 28, 2024, kikomo cha fidia ni SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), yaani takriban dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, na utalazimika kuthibitisha thamani ya vitu vyako. Kwa hiyo anayebeba mali ya thamani zaidi atoe tamko maalumu wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia nyongeza inapohitajika. Dawa, vyeti na fedha nakusihi usiviweke kamwe katika mzigo unaoukabidhi.

Shirika likikaa kimya, unaweza kufungua kesi ndani ya miaka 2 tangu ulipowasili, dhidi ya shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa na mzigo ulipopotea.