Kabla hujanunua draiva mpya, jua mpira unaugongea wapi

Wengi wanaokuja kupimwa draiva ya gofu, yaani kutafutiwa fimbo inayowafaa, kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: ipi inafika mbali zaidi? Ni swali la haki, maana draiva ndiyo fimbo ya masafa. Lakini katika muda wote niliosimama kando ya mashine ya kupimia mapigo, nimeona swali jingine ndilo linalomfanya mtu aondoke na fimbo inayomfaa: mpira unagonga sehemu gani ya uso wa fimbo, na je, unarudi hapohapo kila mara?

Sababu imo ndani ya sheria za mchezo. R&A na USGA, wanaotunga sheria za gofu, wameweka kikomo cha ukubwa wa kichwa cha draiva, sentimita za ujazo 460, na kikomo kingine cha jinsi uso wake unavyoruhusiwa kuurudisha mpira kama springi. Watengenezaji walishafika kwenye vikomo hivyo zamani. Kwa hiyo draiva ya mwaka huu na ya miaka michache iliyopita, zote zikigongwa katikati kabisa, hazitapishana sana. Zinapoachana ni pale mpira unapokosa katikati, na anayeanza hukosa katikati mara nyingi kuliko anavyodhani.

Jaribu mwenyewe. Pulizia uso wa draiva yako poda ya miguu, ile inayokauka na kuacha utando mweupe, kisha piga mipira kumi na uzitazame alama. Kama zimekusanyika upande wa ncha, ulio mbali nawe, au zimekwenda kisigino, upande wa karibu nawe, au zimetapakaa uso mzima, umeshapata habari ambayo hakuna tangazo lolote litakalokupa. Mpira uliogongwa juu kidogo ya katikati hupaa vizuri na kuzunguka kidogo. Uliogongwa chini huzunguka sana, hupanda, kisha huishiwa nguvu mapema. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ukigongea nchani mpira hujipinda kushoto, na ukigongea kisigino hujipinda kulia. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Nimewaona wengi wakisumbuliwa na slaisi, yaani mpira kujipinda kulia bila kutaka, wakanunua kichwa kilichotengenezwa kuurudisha mpira kushoto, kumbe alama zote ziko kisigino. Kichwa kile kinasaidia kidogo tu. Dawa ilikuwa kuisogeza alama.

Kwenye mashine, tazama uwiano wa kasi ya mpira na kasi ya kichwa cha fimbo. Kwa draiva, uwiano huo hufikia takriban 1.5 na si zaidi. Tuseme unazungusha fimbo kwa maili 90 kwa saa na uwiano wako ni 1.35: mpira unatoka kwa maili 121 hivi, wakati pigo la katikati lingeutoa kwa karibu 135. Kila maili moja ya kasi ya mpira ni takriban yadi mbili za masafa. Yaani kuna yadi zaidi ya ishirini zilizolala hapo, na huhitaji misuli ya ziada kuzipata.

Namna ya kuzipata mara nyingi ni urefu wa shafti, yaani mpini wa fimbo, jambo ambalo wanaoanza hawaliulizi kabisa. Draiva nyingi zinauzwa zikiwa na urefu wa inchi 45.5 hadi 46, kwa sababu fimbo ndefu huongeza kasi kidogo na hupendeza kwenye matangazo. Hata hivyo, wapo wachezaji wa kulipwa wanaotumia inchi 45 au pungufu, watu ambao kupiga mpira ndiyo kazi yao ya kila siku. Ukiwa kwenye kipimo, shika fimbo inchi moja chini ya kawaida na upige mipira kadhaa. Alama zikikusanyika, mwambie fundi muijaribu shafti fupi. Azingatie tu kwamba shafti ikikatwa, kichwa huhisiwa chepesi mkononi, hivyo huenda akahitaji kuongeza gramu chache kichwani.

Sasa lofti, yaani mwinamo wa uso wa fimbo unaoupaisha mpira. Hapa kuna jambo linalonisikitisha, nalo ni watu kuona aibu kuchukua lofti kubwa. Mtu anaona mabingwa kwenye televisheni wanatumia nyuzi 9, naye anataka nyuzi 9. Vipimo vinavyojulikana sana vya TrackMan, mashine ya kupimia mapigo, vinaonyesha wanaume wa kulipwa wa PGA Tour wakizungusha draiva kwa takriban maili 113 kwa saa, na mpira ukipaa kwa karibu nyuzi 11. Wanawake wa kulipwa wa LPGA huzungusha kwa takriban maili 94, na mpira wao hupaa kwa karibu nyuzi 13, kwa sababu wanaupiga fimbo ikiwa imeanza kupanda. Wanaume wengi wa klabuni wana kasi inayokaribia ya hao wanawake kuliko ya hao wanaume. Ukitaka wa kuigwa, waige hao wanawake: mpira juu ya tii ndefu, kile kijiti cha kuwekea mpira, nusu ya mpira ikionekana juu ya kichwa cha fimbo, na lofti inayoutosha kuupaisha. Kwa kasi ya maili 90 au chini, anzia kujaribu nyuzi 10.5, kisha 12, na uiache mashine iseme.

Lofti kubwa ina faida nyingine kwa wenye slaisi. Kwenye draiva nyingi zinazorekebishika shingoni, pale kichwa kinapoungana na shafti, ukiongeza lofti uso hufunga kidogo, yaani huelekea kushoto, na ukiipunguza hufunguka. Anayepunguza lofti akitafuta masafa mara nyingi anauongezea mpira wake safari ya kulia.

Ugumu wa shafti usikuumize kichwa. Herufi R, S na X, kuanzia laini hadi ngumu, hazina kipimo kimoja cha pamoja. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine. Uzito wa shafti unaniambia mengi zaidi. Gramu 50 na gramu 65 ni fimbo mbili tofauti mkononi, na mtu anayeharakisha mwanzo wa swingi, yaani mzungusho wa fimbo, mara nyingine hutulia akipewa nzito kidogo. Zijaribu zote mbili hata kama umeshaambiwa wewe ni wa nyepesi.

Siku ya kupimwa, pasha mwili moto kwa fimbo fupi kwanza. Njoo na draiva yako ya zamani, ipimwe kabla ya nyingine yoyote, la sivyo hutajua kama kipya kimekuzidishia chochote. Njoo na mipira unayochezea, kwa sababu mingi ya viwanja vya mazoezi imechakaa au imetengenezwa isifike mbali, nayo huvuruga namba. Fundi abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha kichwa na shafti pamoja, muulize kwa upole ni kipi kilicholeta tofauti. Ukichoka, sema. Fimbo inayojaribiwa ya mwisho huonewa sana, kasi ikiwa imeshashuka kwa uchovu, na mimi huwarudisha watu kwenye fimbo ya kwanza baada ya kupumzika ndipo tuamue.

Usivutwe na pigo moja zuri. Tazama mtawanyiko wa mapigo yote, hasa mabaya mawili au matatu. Draiva A imefika yadi 230 mara moja, na mapigo yake mengine yametapakaa kuanzia msituni kushoto hadi msituni kulia. Draiva B haijapita 222, lakini mabaya yake bado yako mahali unapoweza kuupiga mpira tena. Mimi nitakupa B bila kusita.

Ukishachagua, omba uandikiwe kila kitu: lofti na mkao wa shingo, urefu, jina na uzito wa shafti, unene wa mshikio, mahali uzito wa kichwani ulipofungwa. Fimbo ikifika, ilinganishe na karatasi hiyo kabla ya kuipeleka uwanjani. Na ukumbuke kwamba sheria haziruhusu kubadilisha marekebisho hayo kwa makusudi katikati ya raundi, kwa hiyo amua kabla ya shimo la kwanza.

Kama umeanza masomo na mwalimu anaibadilisha swingi yako, subiri itulie kabla ya kununua. Na kama ulishanunua, rudi upimwe. Mara nyingi tutageuza shingo au kubadili shafti tu, na kichwa kitabaki kilekile.